Imepikwa na zaafarani

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya mchuzi wa papa, wa manjano mpaka unaumiza macho, na chini yake ameandika: "Bibi, nimetia zaafarani, siri ya bibi zetu wa Unguja." Nilishtuka nikaiangusha simu ndani ya bakuli la mtindi. Simu imepona. Mimi bado.

Ndiyo maana nakuandikieni, wanangu mnaojifunza kupika, wa hapa Mabela, Maskati, na wa Sib na popote mlipo, mnaotazama simu kabla ya kutia chumvi. Nimefundisha mapishi hapa Maskati tangu sijaolewa mpaka magoti yalipokataa kunisimamisha mbele ya jiko. Sasa nimestaafu, daktari amenikataza halwa, na mimi namwitikia vizuri kisha nakula. Nina mengi ya kukwambieni juu ya wali na moto, lakini la zaafarani ndilo lililonishtua kuliko yote maishani, na mimi ni mtu niliyeshtuka sana.

Mwalimu wangu, Bi Zuwena, alikuwa akisema moyo wangu umetiwa hamira, kitu kidogo tu unaumuka. Tulifika Maskati mwaka 1964, mimi nina miaka kumi na saba, yatima, yeye ni jirani yetu wa mtaa wa Malindi, Unguja, aliyenipandisha melini kama mwanawe. Alikuwa mjane, mrefu, mkali, mwenye miwani iliyovunjika mkono mmoja ikafungwa uzi. Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Bi Mauwa, mwanamke wa umri wake, ambaye tangu kuzaliwa aliishi nyumbani kwao akitwanga, akichuja, akiosha. Watu wakiuliza ni nani, tulijibu, "Ni mtu wa nyumbani." Tulikuwa tukilisema neno hilo bila kulifikiria.

Wacha nikuelezeni mshtuko wa kwanza, muone tulianzia wapi. Tulipata nyumba ndogo Matrah, upande wa bandari ya Maskati, nyuma ya soko, vyumba viwili na ua. Siku ya pili Bi Zuwena akanituma nazi. Nikazunguka soko zima. Nikamkuta mzee mmoja ana nazi nne zilizotoka Malabari, Bara Hindi, kavu, nyeusi, akazitikisa mbele ya sikio langu kwa fahari. Mbili zilikuwa zimeoza. Nilirudi nalia njia nzima. Mimi nilidhani mji wowote wenye bahari una minazi, jamani, nani angenambia? Bi Zuwena alizitazama zile nazi mbili nzima muda mrefu, akasema, "Basi leo tutapika kwa akili." Akaupika mchuzi kwa maziwa ya mbuzi na ndimu kavu, akitia maziwa kidogo kidogo na moto umeshushwa, yasikatike. Lishikeni hilo. Maziwa hayapendi kuharakishwa wala kuchemshwa na ndimu mbichi.

Mshtuko wa pili niliufanya kwa mikono yangu. Nilipewa pilau ya wageni, wageni wetu wa mwanzo, nikatia chumvi ile ile niliyozoea kutia Unguja. Maji ya kisima chetu yalikuwa na magadi na chumvi yake mwenyewe, na mimi sikuyaonja. Mgeni wa kwanza alitia tonge mdomoni akanyamaza. Wa pili akaomba maji, akaletewa yale yale ya kisima. Bi Zuwena hakunigombeza mbele ya watu. Walipoondoka alinimiminia kikombe cha maji, akasema, "Kunywa. Haya, sasa n'ambie nani katia chumvi kwanza, wewe au kisima?" Mpaka leo siingii jiko la mtu bila kuonja maji yake, na wenye majiko huniona nina wazimu.

Sasa, kitabu. Bi Zuwena alitoka Unguja na mabegi mawili na kitabu. Kitabu kile kiliandikwa na bibi yake mzaa baba, Bi Thuraya, zamani za masultani wa Unguja, karne ya kumi na tisa. Bi Thuraya alikuwa akifundisha wasichana kupika kabla ya kuolewa, na aliandika mapishi yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, wino mweusi, na kila pishi lilianza kwa bismillahi. Kilikuwa na jalada la ngozi na harufu ya kila kitu kilichowahi kumwagika juu yake. Kurasa kadhaa zilikuwa zimegandana kwa shira ya halwa, na Bi Zuwena hakumruhusu mtu kuzigusa. Alikuwa akisema, "Huyu ndiye bibi yangu. Waliobaki wote nimewaacha kule."

Kwa kitabu hicho alifungua darasa uani. Kumbukeni, siku hizo hapa Maskati msichana hakuwa na skuli ya kwenda. Aliyetaka kutoka nyumbani kwao ajifunze kitu, alikuwa na chuo cha Kurani na alikuwa na ua wa Bi Zuwena. Walikuja wa kwetu waliotoka Unguja, wakaja na wa hapa hapa, wanaojua Kiarabu tu, wakijifunza Kiswahili kwa majina ya viungo. Saa za asubuhi Bi Zuwena aliketi juu ya kigoda, akavaa miwani yake ya uzi, akasoma pishi kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa sauti ya mtu anayesoma maulidi. Na kila pishi, kila moja, lilimalizika kwa maneno haya haya: "Imepikwa na zaafarani."

Basi tulitia zaafarani. Kwenye biriani, sawa. Kwenye halwa, sawa, ingawa kwenye pishi la halwa zaafarani ilitajwa katikati na mwisho tena, nasi tukatia mara mbili, ikatoka chungu. Lakini tulitia na kwenye mchuzi wa papa. Tulitia kwenye bamia. Tulitia kwenye uji wa mtama wa mgonjwa. Msichana mmoja wa Matrah aliwahi kuuliza, "Hata bamia, Bi Zuwena?"

"Hata bamia. Bibi yangu hakuwa mtu wa upuuzi."

Zaafarani ilikuwa ndani ya kopo dogo, kopo ndani ya sanduku, ufunguo shingoni mwake. Na kwa kuwa ilikuwa kitu cha thamani, watu waliokula kwetu waliisifu kabla hawajaionja. Hapo nilijifunza kuijua ya kweli: tia uzi mmoja ndani ya maji ya uvuguvugu uungojee. Ya kweli hutoa rangi polepole na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ya uongo hutoa rangi hapo hapo na kubaki nyeupe. Tukajulikana Matrah nzima kuwa ndio watu wa zaafarani.

Bi Mauwa alikuwa akiketi pembeni na kinu chake wakati wa kusoma. Hakuwa akijua kusoma. Na kila Bi Zuwena alipofika kwenye "imepikwa na zaafarani", Bi Mauwa alisimamisha mchi, akasema kwa sauti ndogo, "Mungu amrehemu," kisha akaendelea kutwanga. Kila pishi, kila siku. Sisi wasichana tuliona kichekesho kikubwa. Tulisema anamrehemu kuku. Siku ya samaki tukasema anamrehemu samaki. Siku ya bamia tulicheka mpaka Bi Zuwena akatutoa nje ya ua.

Jambo jingine tuliliona tusilielewe. Chakula chake mwenyewe Bi Mauwa alikipika nyuma, kwenye figa lake, na hakutia zaafarani hata kidogo. Mara moja nilichovya mkate kwenye mchuzi wake kwa siri. Nilishtuka. Ulikuwa mchuzi ule ule wa kitabu, papa, ndimu kavu, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa chekundu, lakini kila kitu kilisikika mahali pake. Nikajiambia ni njaa yangu. Mtu akishaamua kuwa mwalimu yuko sawa, hata ulimi wake mwenyewe hauamini.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka 1970 akatawala sultani mpya, mambo yakabadilika nchini, ndugu zetu wakaanza kurudi kwa wingi, na tukasikia kuwa skuli ya wasichana inafunguliwa. Skuli ya wasichana, Maskati! Nilishtuka nikakaa chini. Mabibi wawili walikuja nyumbani na ujumbe: watahitaji mwalimu wa mapishi, na wanaomba kitabu cha Bi Thuraya kinakiliwe kwa Kiarabu safi, kitumike darasani. Bi Zuwena miguu ilikuwa imeshaanza kumsumbua, akasema mwalimu atakuwa Asya. Asya ni mimi. Angenitolea ushahidi yeye mwenyewe, na nakala ningeiandika mimi, maana Kiarabu changu cha skuli ya Unguja kilikuwa kizuri na mwandiko wangu unasomeka.

Mungu anisamehe, usingizi ulinipaa kwa furaha. Msichana yatima, mwalimu wa skuli!

Nikaanza. Pishi la kwanza lilikuwa mkate wa kumimina. Nikafasiri unga, nazi, sukari, hamira, nikafika mwisho: "Imepikwa na zaafarani." Nikasimama. Kwa Kiswahili sentensi ile hupita mdomoni bila kukwama. Kwa Kiarabu ilinikwama, kwani lazima useme "imepikwa kwa zaafarani," au useme "ameipika Zaafarani." Hakuna la katikati. Na herufi za Kiarabu hazina kubwa na ndogo, jina la mtu na jina la kiungo huandikwa sawasawa. Nikacheka peke yangu, nikaandika "kwa zaafarani", nikaendelea. Lakini ile hamira ya moyo ilikuwa imeshatiwa.

Nilipofika kwenye kurasa zilizogandana ilibidi nizifungue, kwani kitabu kilitakiwa kizima. Bi Zuwena alinipa ruhusa kwa shingo upande. Kwa faida yenu: msilowanishe karatasi, wino utakimbia. Nilichemsha birika, nikaushika ukurasa mbali kidogo na mvuke, nikangoja shira ilainike, nikapitisha ubapa wa kisu polepole. Nilitumia asubuhi nzima kwa kurasa tatu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa maandazi. Katikati yake Bi Thuraya aliandika: "Kipimo cha iliki sikukiandika, maana zaafarani amekataa kunambia."

Niliisoma tena. Amekataa. Wanangu, kiungo hakikatai. Kiungo hakina mdomo. Lau ingekuwa zaafarani ya kopo, Bi Thuraya angeandika "imekataa", na hata hivyo ingekuwa maneno ya mwendawazimu.

Ukurasa wa pili: "Siku saba hatukupika halwa, zaafarani alikuwa na homa."

Na wa tatu, wa mwisho wa kitabu, ulikuwa na mistari miwili peke yake. "Haya yote yametoka mkononi mwa zaafarani, mjakazi wetu. Mimi nimetia wino tu."

Nilikaa na kisu mkononi, birika linachemka mpaka likakauka maji. Miaka sita tumekuwa tukitia jina la mtu ndani ya bamia. Mtu aliyenunuliwa au aliyezaliwa mikononi mwa waliomiliki watu, akapewa jina la kitu cha sandukuni, akapika kila kitu nilichowahi kujivunia kukipika. Niliona haya na hofu pamoja, sijui ipi ilitangulia.

Alasiri nikampelekea Bi Zuwena. Alikuwa juu ya mkeka, kahawa mbele yake. Alisoma mara tatu, miwani ikateleza, akairudisha. Kisha akakifunga kitabu.

"Nani mwengine kaona?"

"Hapana mtu."

"Basi. Andika kwa zaafarani. Khalas."

"Lakini Bi Zuwena, si kiungo. Ni mwanamke."

"Asya, mimi nnajua kusoma."

"Basi tutawafundisha uongo?"

Akanitazama, na sijawahi kumwona mdogo namna ile. "Mwanangu, nimeacha nyumba, nimeacha kaburi la mume wangu, nimeacha mpaka sufuria zangu. Mabegi yameshaoza. Hapa Maskati watu wakiuliza mimi nani, mimi ni mjukuu wa Bi Thuraya wa mapishi. Wewe waniambia bibi yangu hakupika. Nikitoa na hilo, nitabakia na nini? N'ambie. Nitabakia nani?"

Na sikufichini, nilikuwa na langu pia. Ushahidi wa skuli ulikuwa mikononi mwake. Bila yeye mimi nilikuwa msichana asiye na mtu wa kumdhamini. Nikaenda nikaandika. Pishi baada ya pishi, "kwa zaafarani, kwa zaafarani," mwandiko mzuri kabisa. Niliandika kitabu kizima hivyo. Kurasa tatu zile sikuzifasiri.

Asubuhi ya kukabidhi, Bi Zuwena alitaka asome mapishi machache kutoka kitabu cha zamani, mimi nifuatilie nakala, tuhakikishe hakuna kilichoruka. Tuliketi uani kama siku zote. Bi Mauwa pembeni, na kinu chake, anatwanga bizari. Bi Zuwena akasoma mchuzi wa papa. Sauti yake ilikuwa imepauka. Alipofika mwisho alisita, kisha akasema haraka, "Imepikwa na zaafarani."

Mchi ukasimama. "Mungu amrehemu," akasema Bi Mauwa, na mchi ukaendelea.

Nikamwona Bi Zuwena anakiweka kitabu mapajani polepole. Miaka sita alikuwa akiyasikia maneno yale. Pengine miaka hamsini.

"Mauwa."

"Labeka, bibi."

"Wamrehemu nani?"

Bi Mauwa akacheka, akidhani anataniwa. "Kwani wewe wamtaja nani? Si bibi yangu! Bibi Zaafarani. Mama akinambia alikuwa jikoni kwenu mpaka alipokufa, watoto wa ndani mkimwita Bibi Jikoni, lakini jina lake ndilo hilo." Akafuta mikono kwenye kanga. "Kila siku wamtaja, kila chakula. Mimi hushukuru moyoni, wallahi. Wazee wetu wangapi wamekufa jikoni, hapana hata mmoja mwenye kutajwa. Lakini wewe, na kitabu, na ukoo wako wote, mwamtaja wangu. Nikishamrehemu yeye nakuombea na wewe."

Ndipo niliposhtuka kushtuka kwenyewe, kule kwa kukata pumzi. Ua mzima uliojaa wasomi, na aliyekielewa kitabu alikuwa mmoja, asiyejua alifu wala bee. Sisi tuliokuwa tukimcheka kuwa anamrehemu kuku! Nilitamani ardhi inimeze mimi na kalamu yangu.

Mkono wa Bi Zuwena ulikuwa juu ya kitabu. Nilidhani atakiri. Nilidhani atasema, Mauwa, hatukuwa tukimtaja, tulikuwa tukitafuta kopo. Hakusema. Mpaka leo nashukuru hakusema. Akauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya mwanafunzi:

"Mauwa, bibi yako alikuwa akitia zaafarani kwenye papa?"

"Zaafarani kwenye papa!" Bi Mauwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Nyinyi ndio mwatia, mimi nikasema ndiyo ukubwa wenu huo. Yeye? Mama akisema watu wakimuuliza, akiwajibu: zaafarani moja jikoni yatosha."

Bi Zuwena alicheka pia. Alianza kwa kucheka, kisha uso ukamgeuka, akavua miwani akalia hadharani, yeye ambaye hakulia siku tunapanda meli. Bi Mauwa akashtuka, akauacha mchi, akaja kumfuta kwa ncha ya kanga, akiuliza, "Nini tena, bibi? Nimesema nini mie?"

"Hukusema kitu. Nipishe kwenye figa lako. Nataka kuuonja huo mchuzi."

Tukaupika, sote watatu, wakati mabibi wa skuli wanatungoja. Bi Mauwa aliongoza. Papa alowekwe, aoshwe mara tatu, achambuliwe kwa mkono. Kitunguu kikaangwe bila kuondoka mbele yake. Ndimu kavu itobolewe tundu mbili tu, ikitobolewa zaidi hutia uchungu. Kopo la zaafarani lilibaki sandukuni. Bi Zuwena alitia tonge mdomoni akafumba macho. Nakumbuka alichosema: "Tumemfunika. Miaka yote hii tumemfunika kwa jina lake mwenyewe."

Kisha, "Asya, lete kalamu."

"Bi Zuwena, nakala nzima?"

"Nzima. Na zile kurasa tatu. Bibi yangu hakuiba kitu, aliandika ukweli kila mwisho wa pishi. Sisi ndio hatukujua kumsoma. Ukiacha hata moja, huendi skuli."

Tuliwaomba mabibi muda, wakatupa siku chache, na mimi nikaandika upya mpaka vidole vikavimba. "Ameipika Zaafarani. Ameipika Zaafarani." Kitenzi cha Kiarabu cha mwanamke, ambacho hakikuachii pa kujificha.

Siku ya kukabidhi tulikwenda watatu. Bi Mauwa alibeba bakuli la mchuzi, akasimama mlangoni, kama alivyozoea kusimama milangoni. Yule bibi mkubwa akafungua nakala, akasoma, akainua uso.

"Huyu Zaafarani ni nani?"

Nilimtazama Bi Zuwena. Angeweza kusema lolote.

"Ni mwalimu wa bibi yangu," akasema. Kisha akageuka mlangoni. "Na yule ni mjukuu wake. Mauwa, ingia ukae."

Mabibi wale wakatazamana, maana siku zile mambo hayo hayakusemwa barazani. Kisha mmoja akausogeza mto. Bi Mauwa akauliza kwa macho, ni mimi? Akaingia. Akakaa.

Mimi nilifundisha skuli ile, na nyengine baada yake, miaka mingi. Bi Zuwena alikufa akiwa na heshima yake yote, na nadhani na nyongeza. Watu wa Matrah waliendelea kumwita Bi Zuwena wa mapishi, haikupunguka hata herufi. Bi Mauwa alimfuata. Hatukumwambia kamwe kuwa miaka ile yote tulikuwa hatumtaji bibi yake. Pengine tulimkosea. Kila nikitaka kujiambia tulifanya vizuri, nakumbuka jinsi tulivyokuwa tukicheka, na bado najisikia vibaya.

Lakini wasichana wa uani walikuwa wameshanakili mapishi kwenye madaftari yao, kwa Kiswahili, kabla hatujajua. Madaftari yakaenda Bustan, yakaenda Sib, yakaenda Dubai, yakaingia kwenye simu. Ndiyo hayo anayoyasoma mjukuu wangu na kuyaita siri.

Kwa hiyo, wanangu, mkifungua daftari la shangazi zenu mkakuta pishi la papa au la bamia, na mwisho wake pameandikwa "imepikwa na zaafarani", acheni kopo lilipo. Simamisheni mwiko kidogo, mseme alilokuwa akilisema Bi Mauwa. Ni maneno mawili tu, na sisi wasomi yalituchukua miaka sita kuyasikia.